Mikataba Arobaini ya Juni

Kisumu
Ijumaa, 4 Aprili

Mwalimu wangu Nasipwondi,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu jana. Kachak. Ni sauti ya mashine ya saa iliyo kwenye meza ya maagizo hapa ofisini. Mteja akitoa agizo, karatasi yake inaingizwa mdomoni mwa mashine, nayo inaing'ata: tarehe na saa vimekaa, na hakuna kalamu ya kuvifuta. Kwa siku naisikia mara ishirini, mara thelathini, kwa hiyo siisikii kamwe. Jana niliisikia mara moja, saa tisa na dakika ishirini, ilhali soko lilifungwa saa tisa kamili. Nilikuwa nimeinamia dawati langu, sikugeuka. Hata nilifarijika, kwa sababu ambayo sitaiandika. Lakini leo asubuhi nikipiga mswaki niliisikia tena, na hakukuwa na mashine.

Tuache hayo. Umeniuliza kwa mara ya tatu biashara yako inapita njia gani, na umesema nikueleze kama ninavyomweleza mtoto wa darasa la saba aliyesinzia somo la jana. Haya.

Una hisa elfu arobaini na mbili za ile benki, alizokuachia marehemu mumeo, Mzee Wafula. Ungeziuza leo, lakini bado ziko kwenye mirathi na mahakama haitabadilisha jina hadi mwisho wa Mei. Mwenye nyumba amekupa hadi tarehe thelathini Juni, ununue nyumba unayokaa au uhame. Hofu yako ni kwamba bei ya hisa itaanguka kabla hujaruhusiwa kuuza. Ndiyo maana Februari uliuza mikataba arobaini na miwili ya Juni, yaani ahadi za kuuza hisa za benki hiyo mwezi Juni kwa bei ya Februari, kila mmoja umebeba hisa elfu moja. Benki ikishuka, unachopoteza kwenye hisa unakipata kwenye mikataba. Ikipanda, kinyume chake. Hutajiriki, huanguki. Ni mwavuli.

Sasa njia yenyewe. Unapiga simu ya ofisi, ile inayorekodiwa. Naandika karatasi, naigonga, nakaa mbele ya skrini, nabonyeza. Mahali fulani kuna mtu aliyebonyeza kununua kwa bei hiyohiyo, na kompyuta ya soko inawakutanisha. Hapo ndipo jambo linalonipendeza linapotokea. Mkataba wenu unakatwa katikati, na chombo tunachokiita kliaringi kinaingia kwenye ufa. Kwako kinakuwa mnunuzi. Kwake kinakuwa muuzaji. Humjui, hakujui, na hata akitoroka na kuvuka mpaka wa Busia, ahadi yako iko palepale. Ili kisimame hapo bila woga, kinashika dhamana ya kila mmoja, na kila siku soko likifungwa kinapima bei: aliyeshindwa leo anatoa, aliyeshinda anapokea, kesho mnaanza upya.

Kati ya kufungwa kwa soko na kupima huko kuna muda mfupi. Hapo Bwana Oyugi, meneja wetu, anapanga kila biashara kwenye akaunti ya mwenyewe na kuituma orodha. Mimi nabonyeza tu, akaunti za watu sizioni.

Tangu nilipokuwa chuoni Maseno nimependa wazo hilo, kwamba watu wawili wasioaminiana wanaweza kuahidiana kwa sababu mmoja amekubali kusimama katikati. Nimewahi kujiuliza kama ndiyo sababu nilichagua kazi hii, mimi nisiyejua kukaa kwenye sherehe zaidi ya nusu saa.

Naituma barua hii kwa kaunta ya vifurushi, kama ulivyotaka. Najua ungeniambia simu husahau.

Mwanafunzi wako,
Awuor


Muhoroni
Jumatano, 9 Aprili

Awuor mwanangu,

Saba kwa kumi. Maelezo ya kliaringi nimeyaelewa, na nimemsomea jirani yangu Sylvia, naye ameyaelewa, na Sylvia hakuwahi kuelewa hata sehemu za kumi. Nimekukata maksi tatu kwa "sababu ambayo sitaiandika". Mwanafunzi asiyeonyesha njia hapati zote. Nilikuambia hivyo kidato cha pili, nawe ukalia chooni ukidhani sijui.

Sasa nikushukuru, ingawa hukutaka kusema. Ijumaa nilipata ujumbe wa kampuni yenu kwenye simu. Dhamana yangu imefunguliwa, karibu yote, na Jumatatu ilikuwa benki. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilijua ni wewe. Nilijiambia, huyu mtoto ameona bei, amefanya hesabu zake, ameona mikataba ile haihitaji kufungiwa fedha nyingi hivyo, akanirudishia, na kwa haya yake hataki kusifiwa. Haya, sikusifu. Nakuarifu tu.

Fedha hiyo haikulala. Nilikwenda kwa Obiero nikamtolea arbuni ya nyumba, kwa karatasi, mbele ya wakili. Obiero anasema nikishindwa kumaliza malipo ifikapo tarehe thelathini Juni, arbuni inabaki kwake na mimi nahama. Alisema kwa sauti ya mtu anayekufunza: "Mwalimu, nyumba haiwi yako kwa kuizoea." Nikamwambia aiandike hiyo kwenye mkataba, tena bila makosa ya tahajia kama aliyokuwa akifanya darasani kwangu mwaka wa themanini na tisa. Wakili alikohoa ili asicheke.

Miaka thelathini na moja nimekaa nyumba hii. Trekta za miwa zikipita vikombe hutetemeka kabatini, nami siamki. Nikihamia mahali pengine nitashindwa kulala kwa ukimya. Sasa sihami. Hisa zikishuka, mikataba inanibeba. Zikipanda, heri.

Msalimie mama yako. Mwambie dagaa alionitumia kutoka Dunga wamekwisha, asijifanye hajui.

Mwalimu Agneta Nasipwondi


Kisumu
Jumamosi, 12 Aprili

Mwalimu,

Naomba unijibu jambo moja tu, na uliandike kwa mkono wako na kuweka sahihi.

Alhamisi tarehe tatu Aprili, je, uliipigia ofisi yetu simu, au ulimtuma mtu, au ulitia sahihi karatasi yoyote, ukiagiza kununua mikataba ya Juni?

Tafadhali usimpe Obiero kitu kingine chochote kwanza.

Awuor


Muhoroni
Jumanne, 15 Aprili

Awuor,

Umeniandikia kama askari. Hata salamu hukuweka.

Jibu ni hapana. Alhamisi tarehe tatu nilikuwa kwenye mazishi ya mke wa mchungaji, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, simu imezimwa ndani ya mkoba, na kwaya nzima ni mashahidi. Sikupiga, sikutuma mtu, sikutia sahihi. Kununua ni kwa nini? Mimi niliuza.

Tangu hapo bei imeteremka. Naiona kwenye gazeti la Sylvia: ilikuwa arobaini na sita, sasa ni arobaini na moja. Watu wanalalamika. Mimi nimetulia chini ya mwavuli wangu nikiwatazama wakilowa, na nikawa na kiburi kidogo, Mungu anisamehe.

Kwa nini unauliza?

Agneta Nasipwondi


(Kwa mkono, nyuma ya karatasi ya agizo)

Alhamisi, 17 Aprili

Awuor nyathina, mwanangu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu zina masikio na wewe siku hizi umeanza kuuliza maswali ukiwa karibu nazo. Hukukosea kuja kwangu jana. Ulikosea kupandisha sauti, Cliff wa mapokezi akasikia.

Twende polepole. Kosa lilikuwa la nani? Si langu. Ni kidole chako. Mimi ningeweza kulipeleka Nairobi siku ileile, na leo ungekuwa nyumbani kwa mama yako ukitengeneza omena, dagaa wake. Nililitafutia mahali. Katika tawi hili mteja aliyekuwa ameuza Juni kwa wingi wa kutosha ni yule mama wa Muhoroni peke yake. Niliweka arobaini yako juu ya arobaini yake, zikauana, kliaringi haikuona kitu, na yeye akarudishiwa dhamana yake akafurahi. Nani amelia? Hakuna aliyelia.

Wakaguzi wanakuja Mei. Karatasi yake ina saa lakini haina jina la aliyepokea simu. Tia sahihi yako kwamba ulipokea agizo lake. Sahihi tu. Kuna nafasi kwenye meza ya Nairobi mwezi wa saba, na jina lililo mdomoni mwangu ni lako. Njoo Jumapili nyumbani Milimani, mke wangu atapika, tuongee kama watu.

Ukimaliza kusoma, ipasue.

Oyugi


Kisumu
Jumamosi, 19 Aprili

Mwalimu,

Nimeanza barua hii mara nne. Kila nikianza naona ninapanga maneno yanibebe mimi. Nitaiandika kama hesabu: hatua baada ya hatua, na jibu mwishoni.

Alhamisi tarehe tatu chama kimoja cha akiba kilituagiza tuuze mikataba arobaini ya Juni ya ile benki. Niliandika karatasi, nikaigonga, saa nne na dakika saba. Asubuhi yote nilikuwa nikiwanunulia watu wengine. Kwenye kibodi yetu funguo za kununua na kuuza zinakaa bega kwa bega, na kidole changu kilikuwa kimezoea mmoja. Nilinunua arobaini badala ya kuuza arobaini. Skrini ilikuwa ya bluu badala ya nyekundu, niliiona bluu, na kwa sekunde kadhaa sikuelewa rangi hiyo inaniambia nini.

Nilimwendea Bwana Oyugi papo hapo. Hadi saa sita nilikuwa nimewauzia chama mikataba yao, kidogokidogo. Lakini ile arobaini niliyoinunua kwa makosa haikupata mtu wa kuichukua. Soko letu ni jembamba, Mwalimu. Siku nyingine unapaza sauti na kusikia mwangwi wako tu. Bei ikaanza kuteremka. Sheria ni kwamba kosa la dalali linakaa kwenye akaunti ya makosa ya kampuni, na hasara ni ya kampuni. Nilijua hivyo. Ningeweza kukaa pale nikahakikisha. Bwana Oyugi aliniambia, "Nenda dawatini, nitalilaza," nami nikaenda.

Halafu nikasikia kachak, saa tisa na dakika ishirini. Nilijua hakuna agizo linaloweza kugongwa saa hiyo. Nilijua, na nikafarijika. Hiyo ndiyo sababu niliyokataa kuiandika.

Karatasi iliyogongwa ilikuwa na jina lako; niliiona jaladani nilipoitafuta baada ya barua yako ya arbuni. Imeandikwa kwamba ulipiga simu asubuhi ukaagiza kununua arobaini. Wewe ulikuwa umeuza arobaini na miwili. Ukinunua ulichokiuza, kliaringi inachukulia umetoka: moja kwa moja, vinafutana. Ndiyo maana dhamana yako ilirudi. Haikuwa busara yangu. Ulirudishiwa fedha kwa sababu mwavuli wako ulikuwa umechukuliwa. Amekuachia mikataba miwili. Umekaa kwenye mvua, Mwalimu, na njiti mbili mkononi, ukiwahurumia wanaolowa.

Jana, Ijumaa Kuu, nilikaa nyumbani na kalamu. Bei ilipokuwa arobaini na sita hisa zako zingetosha nyumba na kukubakizia ya kupaka rangi. Kwa arobaini na moja hazitoshi. Ikishuka tena hazikaribii. Na arbuni umeshatoa, kwa sababu ya ujumbe ule, na kwa sababu ulidhani ni mimi.

Kitu kinachonikera zaidi ni kwamba kliaringi haikukosea hata mahali pamoja. Ilipokea orodha, ikapima, ikatoa, ikapokea. Ahadi zote zililindwa. Inaamini kilichoandikwa, na haina njia ya kujua kama mdomo wa mtu ulifunguka au la. Nimekisifu chombo hicho miaka mitano na sikuwahi kufikiri kwamba mlango wake wote ni karatasi moja, na kwamba karatasi hiyo inatoka kwangu.

Naambatanisha nakala ya alichoniandikia Bwana Oyugi. Anataka sahihi yangu. Asili ninayo mimi, sikuipasua.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniambie unataka nifanye nini, kwa sababu fedha ni zako na nyumba ni yako.

Awuor


Muhoroni
Jumatano, 23 Aprili

Awuor mwanangu,

Nilisoma barua yako, nikaiweka chini ya sufuria, nikatoka nje. Nilikuwa na hasira na kila mtu: Oyugi wako, Obiero, Mzee Wafula kwa kufa akiwa na hisa badala ya ng'ombe. Nawe pia. Nawe zaidi kidogo, si kwa kidole, kwa kile kiti ulichokwenda kukikalia badala ya kusimama pale. Hayo nimeyasema sasa na sitayarudia.

Halafu nilikaa chini nikafikiri kama mtu mzima.

Umesema fedha ni zangu, niamue. Nimeamua. Weka sahihi.

Usirushe mikono. Sikiliza. Nina miaka sitini na tisa. Nyumba ni kuta. Shemeji yangu Waswa yuko Bungoma, ana chumba anachoweka mahindi, mahindi yakitoka nitaingia mimi, na tutagombana kila siku kama tulivyogombana tangu harusi yangu, itatuweka hai sote. Lakini wewe? Baba yako aliendesha trekta ya kiwanda hadi mgongo ukamkatika. Alinijia na sare yake ya kazi akaniambia, "Mwalimu, mimi sijui kusoma karatasi zake, zisome wewe." Nimezisoma tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Nimefundisha watoto elfu na kitu, na wengi hata majina yao yamenitoka. Wewe ndiye hesabu niliyoifanya hadi mwisho.

Ukisema, watakuchukulia leseni. Oyugi atasema ni mtoto wa juzi, amekosea, anatafuta wa kumtwisha. Ana nyumba Milimani, ana marafiki. Wewe una mama, na mama anakula kwenye mshahara huo. Kampuni itakulinda kwa nini? Wewe ndiye uliyebonyeza.

Kwa hiyo nakuamuru, na sijawahi kukuamuru tangu uvue sare ya shule. Tia sahihi anayoitaka. Nenda Nairobi mwezi wa saba. Ukiwa mkubwa huko, usiwafanyie watu hivi. Hayo yatakuwa malipo yangu.

Barua hii sikuipa maksi, na yako sikuisahihisha.

Mwalimu wako,
Agneta Nasipwondi


Kisumu
Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu wangu,

Nimekukataa. Naandika neno hilo la kwanza ili usilitafute katikati ya mengine.

Naandika nikiwa dawatini kwangu. Wameniambia nisiguse skrini, nami sijaigusa. Bwana Oyugi yuko kwenye chumba chake cha kioo, anaongea na Nairobi, ananipa mgongo. Nina muda mpaka mtu aamue nani anitoe nje, kwa hiyo nakueleza.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma ukumbini kwa mama, naye akaniuliza kwa nini nalia kwa sauti, maana mimi sijawahi kulia kwa sauti. Nilimsomea yote, hata pale pa mshahara. Akasema kwa Kidholuo, nami nakutafsiria: "Kwani mimi nilianza kula ulipoanza kazi?" Akaingia jikoni. Hayo ndiyo yote aliyosema juu ya jambo hili, na juzi amepanga meza mpya ya omena sokoni Jubilee.

Kwa hiyo hoja ya mama imeanguka. Nikabaki na hoja zako nyingine, na nimekupinga moja moja, wewe ukiwa hupo, kama nilivyokuwa nikifanya chooni.

Umesema mimi ndiye hesabu uliyoifanya hadi mwisho. Unakumbuka ile siku ya kidato cha pili ulipokosea ubaoni? Ulikuwa umehamisha kitu upande wa pili ukasahau kugeuza alama. Mwenzangu Griffin aliona, akanyamaza kwa woga. Mimi niliona, nikanyamaza kwa heshima. Ulipogundua mwenyewe, ungeweza kufuta. Raba ilikuwa mkononi mwako. Ukachukua chaki nyekundu ukaizungushia ile alama duara kubwa, ukatugeukia ukasema, "Hili ni langu. Likae hapo mpaka kengele, kila mtu alione." Dakika ishirini na tano tulisoma chini ya kosa lako. Siku hiyo ndipo nilipokuamini. Sasa unaniambia nichukue raba. Huwezi, Mwalimu. Ulishanifundisha upande mwingine.

Umesema nikiwa mkubwa Nairobi nisiwafanyie watu hivi. Ningefikaje mkubwa? Kwa sahihi ile. Ningekaa kwenye meza ile, na kila siku soko likifungwa ningesikiliza kama mashine inagonga, nikijiuliza leo amewekewa nani.

Na umesema nyumba ni kuta. Ni uongo, na ulijua ni uongo ulipokuwa ukiandika, kwa sababu barua mbili kabla ya hiyo uliniambia kuhusu vikombe.

Nimefanya hivi.

Leo soko lilipofunguliwa saa tatu, sikuinua karatasi yoyote. Saa tatu na dakika tano niliinua simu ya maagizo, ile inayorekodiwa, nikapiga makao makuu nikamwomba mkaguzi wa ndani. Ni mwanamke anayeitwa Shantel, sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuchoshwa. Nilijitaja jina, namba ya leseni, tarehe. Nikasema kwamba tarehe tatu Aprili nilinunua mikataba arobaini nilipotakiwa kuuza. Nikasema kosa lilikuwa langu na lilipaswa kukaa kwenye akaunti ya makosa ya kampuni. Nikasema liliwekwa kwenye akaunti ya Agneta Nasipwondi wa Muhoroni, kwa karatasi iliyogongwa dakika ishirini baada ya soko kufungwa, na kwamba kwenye kanda za siku hiyo hakuna simu yake, kwa sababu simu yake ilikuwa mkobani kanisani. Nikamwomba asikilize kanda za siku nzima kabla ya kumwuliza mtu yeyote chochote.

Bwana Oyugi alitoka chumbani kwake nilipofika kwenye jina lako. Alisimama karibu kiasi kwamba nilinusa sabuni yake. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele.

"Awuor," alisema taratibu, "hiyo simu inarekodi."

"Ndiyo maana nimeishika," nikamwambia.

Hayo pia yako kwenye kanda.

Shantel aliniuliza kama nina maandishi. Nikasema ninayo ya mkono wa meneja mwenyewe. Bwana Oyugi aliposikia alifumba macho. Mtu yule, Mwalimu, amekwepa simu hizi miaka yote asiseme neno la kumfunga, halafu akachukua kalamu. Nilikata simu, nikatoa ile karatasi yake mkobani, nikaenda nayo kwenye mashine mbele ya Cliff na wateja wawili waliokuwa wakingoja. Nikaiingiza. Kachak. Tarehe ya leo, saa tatu na dakika kumi na tisa. Sasa ina saa yake ya kweli ya kufika mezani. Nakala moja imekwenda makao makuu kwa kifurushi, moja imekwenda kwa mamlaka ya masoko pamoja na maelezo yangu ya kurasa tatu na lile jibu ulilonipa kwa sahihi tarehe kumi na tano. Sikukuomba ruhusa ya kulitumia. Ungekataa.

Nimedai vitu viwili, kwa maandishi. Ile arobaini irudi kwenye akaunti ya kampuni, na mikataba yako isimame kama ilivyosimama asubuhi ya tarehe tatu, pamoja na kila senti ambayo kliaringi ingekulipa tangu siku hiyo. Shantel alisema watajibu ndani ya siku saba. Hakuahidi. Inawezekana watanitoa mimi kafara na wakulipe wewe. Inawezekana watanitoa mimi na wewe pia wasikulipe, twende mamlaka, twende mahakamani. Obiero nimempigia simu mwenyewe, nikamweleza arbuni yake imekuwa ushahidi na asiiguse nyumba. Alianza kunifunza. Nikamwambia aandike.

Leseni yangu nimeitoa kwenye kamba ya shingoni nikaiweka juu ya kibodi, juu ya zile funguo mbili. Sikungoja waichukue. Nimejitazama kama nina huzuni. Nilichokiona ni kama mtu aliyekuwa akishikilia pumzi bila kujua.

Usiende Bungoma. Usimwambie Waswa atoe mahindi. Jumatano nitapanda kuja Muhoroni na sanduku moja na dagaa wa mama, nitakaa kwako mpaka wajibu, na wakija na karatasi tutazisoma sisi wawili, wewe na kalamu yako nyekundu. Usinitumie barua ya kunikataza. Itanikosa njiani.

Bwana Oyugi amemaliza simu yake. Anakuja. Naigonga barua hii sasa, kama agizo lingine lolote, ili uone pembeni ni saa ngapi na usiseme niliiandika kabla sijathubutu.

Uliniamuru nami nimeshafanya kinyume. Iko kwenye kanda, Mwalimu, na kanda haina raba.

Mwanafunzi wako,
Awuor

28 APR 10:41